Uongo Njoo: Jibu kwa Binti Anayependa Riwaya za Ajabu

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19, nasubiri kuanza chuo. Tangu kidato cha pili nasoma riwaya za fantasia za Kiingereza zinazoandikwa kwa ajili ya vijana: majoka, falme zilizofichwa, msichana asiyejua kwamba yeye ndiye malkia. Nimehesabu, zimefika 61. Nikimaliza kitabu usiku silali, na mara nyingine nalia kama nimefiwa. Baba mkubwa anasema ni uongo mtupu wa kitoto, tena una ushetani ndani yake. Naomba kuuliza mambo matatu. Kwa umri wangu ni aibu? Kwa Kiswahili viko vitabu vya namna hii? Nataka kumsomea mdogo wangu wa miaka 11, maana Kiingereza kinampiga chenga. Na la mwisho, nimeanza kuandika cha kwangu. Nikiandika kwa Kiingereza kinatiririka, ila nikiandika "alitumia uchawi wake kufungua mlango" naona haya, nafuta. Kwa nini?*

Marahaba, mwanangu. Hilo swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niweke pembeni mswada wa watu niliokuwa nauhariri, lakini nikianzia huko baba yako mkubwa ataona nimemkwepa. Tuanze naye.

Anasema ni uongo mtupu. Mkubalie. Usibishane naye hata kidogo, ila siku moja baada ya chakula cha usiku muulize hadithi za bibi yake zilikuwa zinaanzaje. Atakwambia mwenyewe: msimulizi anatangaza "Hadithi, hadithi!" na watoto wanaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo umeitwa kwa jina lake, mchana kweupe (tuseme usiku kweupe, maana hadithi zilikuwa za usiku), umekaribishwa mkekani na watu wazima wameketi hapo hapo wanasikiliza. Hakuna aliyetapeliwa. Ukimaliza kumsikiliza, muulize pia hadithi yenyewe ilihusu nini. Nina hakika kutakuwa na zimwi.

La ushetani nalijibu kwa adabu, kwa sababu najua linatoka kwenye wasiwasi wa mlezi. Washairi wetu wa tenzi za pwani wengi walikuwa watu wa dini, na hawakuogopa majini wala majitu. Utenzi wa Ras al-Ghuli wa Mgeni bin Faqihi una beti zaidi ya 4,000, na huyo Ghuli, yaani jitu la kutisha, unaweza kumsikia mwenyewe kwenye jina. Na mtu aliyekusanya hadithi za Unguja na kuzipiga chapa mwaka 1870, zikiwa na majini, nyoka wa vichwa saba na paa anayesema, alikuwa mmisionari: Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Alizipata kutoka kwa watu wa Unguja, akaziweka Kiswahili ukurasa mmoja, Kiingereza ukurasa wa pili. Hakuona kwamba zitamharibia waumini.

Sasa umri. Hilo neno "vijana" lililobandikwa kwenye vitabu vyako ni mpango wa rafu, wa maktaba na wa wachapishaji wa Marekani zaidi kuliko wa mtu mwingine. Mara nyingi watu huanzia mwaka 1967, S. E. Hinton alipotoa The Outsiders akiwa na miaka 18, kitabu alichoanza kukiandika akiwa bado shuleni. Si fantasia, ni magenge ya vijana wa mjini, lakini wachapishaji walinusa soko. Mwaka uliofuata Ursula K. Le Guin akatoa A Wizard of Earthsea, baada ya mchapishaji kumwomba aandike kitu kwa watoto wakubwa kidogo. Kwa hiyo unaona, rafu yenyewe haina umri wa bibi yako. Kinachonishughulisha mimi ni hesabu yako. Vitabu 61! Nakuonea gere, lakini nina shaka kwamba kuanzia cha ishirini hivi umekuwa ukisoma kitabu kimoja kilichobadilishwa jalada. Mteule asiyejijua, wavulana wawili wanaomgombania, mfalme dhalimu, kisha kitabu cha tatu ambacho mwandishi mwenyewe amechoka. Ukikutana na kitabu cha tatu cha hivyo, kiache njiani. Hakuna mtihani.

Na kulia usione haya. Ila siku ukilia, asubuhi yake rudi kwenye ukurasa uliokuliza, utafute sentensi iliyokufanyia hivyo. Kwa kawaida si ile ya kifo. Ni ya nyuma yake kidogo, kitu kidogo kama kiatu kilichobaki mlangoni. Kwa mtu anayetaka kuandika, zoezi hilo lina faida kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Twende kwenye Kiswahili. Kosa lako, na si kosa lako peke yako, ni kwamba umetafuta rafu iliyoandikwa "fantasia", ukakuta haipo, ukadhani na kitu chenyewe hakipo. Kwetu kimekaa chini ya majina mengine: ngano, hekaya, visasili. Chukua hadithi ya Sultani Majnuni katika mkusanyiko huo wa Steere, nikuoneshe ninachosema.

Sultani ana watoto saba na mtende mmoja. Kila mwaka tende zikiiva, ndege anakuja anazimaliza. Wakubwa wanapelekwa kulinda mmoja mmoja, kila mmoja na majivuno yake, na kila mmoja analala. Anabaki kitinda mimba, ambaye baba yake hamtaki hata machoni kwa sababu kazi yake ni kukaa jikoni na kina mama. Wanamwita Mkaa Jikoni. Huyu anakwenda mtendeni na mahindi na mchanga. Anatafuna mahindi kujichangamsha, na usingizi ukimzidi anatia mchanga mdomoni. Basi. Hana upanga wa nuru, hana unabii uliotabiri kuzaliwa kwake; ana mchanga kwenye meno, na ndiye anayemkamata ndege.

Kisha hadithi inageuka. Sultani ana paka anayempenda. Paka anakamata ndama, watu wanakuja kushtaki, sultani anasema: paka ni wangu na ndama ni wangu. Anakula mnyama mwingine, jibu ni lile lile. Anahamia porini kando ya mji, anakula watu wanaopita, sultani bado ana jibu lake. Mpaka siku paka alipowala watoto wa sultani mwenyewe ndipo baba mtu akafungua macho: huyu si paka tena, huyu ni Nunda. Nimewasomesha watu wazima hadithi hii, na kila mara wakifika kwenye "paka ni wangu na ndama ni wangu" kuna mtu anacheka kwa namna ambayo si ya kitoto hata kidogo. Wanajua wanamfikiria nani.

Mkaa Jikoni anaondoka kumtafuta Nunda, na hapo ndipo mdogo wako atakaponasa. Kila anapoua mnyama, anamburuta hadi nyumbani akiimba kwamba amemuua Nunda mla watu, na kila mara mama anamjibu kwa wimbo: mwanangu, siye huyo. Kwanza ni mbwa tu. Halafu wanyama wanazidi kuwa wakubwa, na mama, ambaye angependa mtoto akae nyumbani, anaendelea kusema siye. Soma kwa sauti, huo wimbo mwachie yeye aitikie. Mkusanyiko huo haki zake zimekwisha zamani, unapatikana bure mtandaoni. Tahajia ni ya kale, utakuta "kulla" badala ya kila, lakini baada ya kurasa tatu jicho linazoea. Humo humo yumo Sultani Darai na paa wake aliyenunuliwa kwa thumuni, na yumo Liyongo, shujaa wa pwani aliyefungwa gerezani, anayetumia wimbo kumwagiza mama yake kupitia kijakazi: aoke mkate, katikati aweke tupa ya kukatia minyororo. Walinzi wamekaa mlangoni wanausikia wimbo wote na hawaambulii kitu. Ukipata mwandishi wa leo aliyebuni mpango wa kutoroka gerezani mzuri kuliko huo, niandikie tena.

Baada ya hapo mpe Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Usitishike na jina la mwandishi kwa sababu shuleni mlimsoma kwa ajili ya mitihani. Mfalme Rai anamtuma Ikibali kwenda Janibu kufuatilia kodi. Ikibali analala kwa mwenyeji wake, Adili, na usiku anamwona mtu huyu mpole, mwenye sifa nchi nzima, akiwatoa manyani wawili na kuwapiga mijeledi, kisha anawalisha na kuwabembeleza huku amejaa huzuni. Kwa nini? Nani amemlazimisha? Hapo kuna jini, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kuna ndugu wawili wenye wivu. Mfupa wa kisa ulitoka Alfu Lela Ulela, nyama ni ya Shaaban Robert. Nikupe na siri: mzee hupenda kusimamisha hadithi ili atoe wasia. Unapomsomea mtoto, ruka. Wewe mwenyewe ukirudi peke yako usiruke, maana Kiswahili kilichomo kwenye hizo nasaha utakihitaji ukianza kuandika mazungumzo ya wafalme. Kusadikika, ya 1951, nayo ni nchi iliyo angani, lakini ile ni kesi mahakamani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Miaka 11 itapiga miayo.

Utasikia watu wakikutajia pia Nagona na Mzingile za Kezilahabi, au Bina-Adamu! ya Wamitila. Ni kazi kubwa, ajabu zimejaa humo, lakini ziliandikwa kwa msomaji anayependa kufumbua mafumbo, si kwa anayetaka kujua farasi atafika kabla ya alfajiri. Zisubiri. Ukifika mwaka wa pili chuoni utazitamani wewe mwenyewe.

Nisikudanganye: riwaya mpya ya fantasia ya Kiswahili, ya kurasa mia tatu, yenye ramani ukurasa wa kwanza, iliyolengwa kijana wa umri wako, ni adimu. Mimi naona sababu ni ya biashara kuliko ya vipaji. Mchapishaji wa Kiswahili, Tanzania au Kenya, anaishi kwa vitabu vya shule. Mswada ukiingia mezani, swali la kwanza ni kama utapitishwa kwa matumizi ya darasani, na mwandishi anajifunza mapema kupunguza majini na kuongeza maadili. Hamu ya wasomaji haikufa, ilihama. Fungua simu ya jirani yako: zile hadithi zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, "sehemu ya 14, itaendelea kesho," nusu yake ni majini, falme za chini ya bahari na binti anayeolewa na asiyeonekana. Nyingi zimeandikwa ovyo, nukta hazipo, jina la mhusika linabadilika sehemu ya tisa. Lakini mwandishi wake anajua jambo moja ambalo wahariri kama mimi tunasahau, nalo ni mahali pa kukata ili msomaji asilale.

Sasa swali lako zuri. Kwa nini unaona haya kuandika "alitumia uchawi wake"?

Kwa sababu una sikio. Neno la Kiingereza, magic, limeoshwa. Ulaya nao walichoma watu kwa ajili yake, lakini vitabu vya watoto na wacheza shoo wanaotoa sungura kwenye kofia wamelisugua miaka mingi mpaka likabaki kama pipi. Letu halijaoshwa. Uchawi kwa Kiswahili ni kudhuru. Kenya na Tanzania zote zina sheria ya uchawi tangu enzi za mkoloni. Usukumani wameuawa bibi vizee kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Kilifi wameuawa wazee, mvi zao zikifanywa ushahidi. Ukimwita shujaa wako mchawi, msomaji wa Kiswahili hapigi makofi, anavuta mtoto wake karibu. Mkono wako ulilijua hilo kabla ya kichwa.

Ukijaribu maneno mengine utaona kila moja lina mwenyewe. Miujiza ni ya Mungu na mitume wake. Mazingaombwe ni ya uwanja wa maonesho, kiini macho ni udanganyifu. Uganga ni tiba, una ada na una mteja. Wengi wakifika hapa wanakata tamaa, wanasema Kiswahili hakifai kwa fantasia, wanarudi kwenye Kiingereza. Mimi naona kinyume. Kiingereza kina gunia moja ambalo kila kitu kinatupwa humo. Wewe una vifaa vilivyopangwa kila kimoja na kazi yake: hirizi inavaliwa, kago linalinda shamba, zindiko linafanyiwa nyumba, fingo linafukiwa ardhini kulinda mji. Chukua kimoja tu, fingo kwa mfano, ukijengee dunia nzima. Mji uliolindwa na fingo miaka mia tatu, hakuna anayekumbuka lilifukiwa wapi, na mkandarasi wa mabomba ya maji ameanza kuchimba. Hapo unahitaji mteule wa nini?

Nnedi Okorafor, mwandishi wa Marekani mwenye asili ya Nigeria, alifanya jambo la jamaa na hilo katika Akata Witch ya 2011, ambayo kama hujaisoma iweke ya 62. Watu wake wenye uwezo anawaita Watu wa Chui, na wanachokifanya anakiita juju, neno la kule kule Afrika Magharibi. Na huyo Le Guin niliyemtaja, kwake nguvu yote ni kujua jina la kweli la kitu. Isome kwa ajili hiyo, na pia kwa sababu kijana wake, Ged, ana ngozi ya kahawia, jambo ambalo wachora majalada wa zamani walikataa kuliona na mwandishi akalilalamikia kwa miaka.

Kuna kifaa kingine ulicho nacho ambacho hao wawili hawana, nacho ni upatanisho wa sarufi. Zimwi alikuja. Zimwi lilikuja. Mwalimu wa darasani atasahihisha moja, mimi nakwambia tumia zote mbili. Ukiandika "lilikuja" umelifanya dubwana, kitu, uzito unaosogea. Ukiandika "alikuja" umempa nafsi. Hebu fikiria sura ambayo msichana amejificha darini, na chini yake zimwi linanusa, linakoroma, linavunja vyungu. Kisha linakaa. Linaokota kanga ya mama wa msichana, linaitazama. Halafu, bila kueleza lolote, sentensi inayofuata: "Akaikunja vizuri, akairudisha juu ya kitanda." Msomaji amebadilishwa moyo kwa herufi moja. Joka nalo ni hivyo hivyo, jitu pia. Tafsiri hiyo kwa Kiingereza uone kazi.

Na ushauri wa mhariri kuhusu ile sentensi yako. Tatizo lake la pili, nje ya neno lenyewe, ni kwamba haina mkono. "Alitumia uchawi wake kufungua mlango": alifanya nini hasa? Alisimama wapi? Ilimgharimu nini? Mkaa Jikoni alitafuna mchanga, tukauona. Niliijaribu jana jioni huku nikisubiri maharage yaive, ikatoka hivi: "Alipiga magoti akataja kwenye kizingiti majina ya wote waliowahi kutolewa humo kwa jeneza. Alipofika la mama yake, mlango ukaachia." Si lazima uipende. Bado haijanyooka, na pengine jeneza si la pwani yenu. Ila hakuna neno uchawi humo, na sidhani utaona haya.

Usimalize riwaya nzima ndipo umwoneshe mtu. Msomee mdogo wako sura ya kwanza usiku, kwa sauti, taa ikiwa ndogo. Akisema "halafu?" endelea. Akianza kucheza na mguu wa meza, weka alama ya penseli pembeni mwa mstari huo ukairekebishe kesho. Akiuliza kizingiti ni kitu gani, inuka mwende mlangoni akakikanyage.